Tubaki au Twende

Kibokoni, Mombasa
14 Juni 1955

Mama yangu Bi Mwanamwema,

Shikamoo. Nakuandikia kwa herufi za Kiarabu, za chuoni, ili usome mwenyewe dirishani kwako, asije akakusomea Gharib kwa ile sauti yake ya kusomea hati za forodhani.

Mimi na mjukuu wako Kazija tumefika salama. Harusi ya binamu yangu Mwanakheir imekwisha, tumekula tumeshiba, na kwa hesabu za Gharib leo tungekuwa tunafunga mizigo. Yeye alitupa ruhusa ya wiki mbili, na siku ya kurudi akaizungushia wino mwekundu kwenye kalenda yake ya ukutani. Mwambie aifute. Haturudi wiki hii, na wiki ijayo pia sidhani.

Usianze kushika kichwa. Nilikaa na mwanao miaka sita, na huu mwaka wa pili tangu aniache, na muda wote huo wewe sijawahi kukuongopea. Kweli yenyewe ni kuwa sina mpango. Tukipata chombo tutapanda, tukipata watu wema tutalala, tukichoka tutarudi. Kila tukifika mahali namuuliza Kazija: tubaki au twende? Analojibu ndilo tunalolifuata, maadamu halina hatari. Jana amesema tubaki, kwa sababu paka wa Mwanakheir anakaribia kuzaa. Basi tumekaa tunamngoja paka.

Kofia ya harusi tunayomshonea Jaku isikutie wasiwasi. Toka nilipoingia nyumbani kwako bibi harusi tunashona kofia wawili, wewe duara la juu, mimi ukanda wa pembeni, na talaka ya Gharib haikuukata uzi huo. Ukanda ninao mkobani, naudarizi kila asubuhi. Duara liko kwako. Nusu ya kofia haivaliki, kwa hiyo hiyo ichukue iwe rehani yangu. Nisiporudi, Jaku ataoa kichwa wazi.

Mwanao,
Mize binti Sheha


Mkunazini, Unguja
26 Juni 1955

Mize,

Marahaba. Barua yako nimeisoma mara ya kwanza kwa furaha kuwa mu wazima, mara ya pili kwa hasira, na mara ya tatu nikitafuta mahali uliposema utarudi lini. Sikupaona.

Mtu anayesafiri huaga. Mlitoka alfajiri, sikupata hata kusimama mlangoni nikawashikia msahafu mkapita chini yake, ati meli inawahi. Sasa nafahamu ulikuwa unawahi nini. Safari isiyo na siku ya kurudi si safari, mwanangu, ni kupotea. Mimi nilitoka kwetu Makunduchi kuja kuolewa mjini, nikapandishwa punda, na siku ya kufika ilijulikana na ubwabwa ukapikwa kwa siku hiyo. Toka hapo sijavuka maji hata ya kwenda Chapwani, kisiwa ninachokiona nikipanda darini. Na nimeishi.

Gharib amekasirika. Unamjua, hapigi kelele, anakaa tu akitazama kalenda. Amenambia nikukumbushe kuwa Kazija anatimiza miaka saba Mfunguo Sita, mwezi wa Maulidi, na hapo atasimamishwa mbele ya kadhi aulizwe atakaa na baba au na mama. Hilo unalijua. Lakini mama akiuhama mji wa baba, hakuna tena kuulizwa, mtoto hurudishwa kwa baba basi. Gharib ameshaulizia kwa wanaojua. Kila siku unayokaa huko unamfanyia kazi yake.

Nami nina langu. Mjukuu wa kwanza ni wa bibi, ndivyo tulivyoikuta dunia. Shamsi, huyu mke mpya, ana mimba ya miezi minne na kutwa anatapika, Gharib yuko kazini, na mimi nazungumza na ngazi. Mrudishe mtoto.

Jaku amepita mara mbili kuulizia kofia. Harusi yake ni baada ya Idd Kubwa.

Paka alizaa wangapi?

Mama yako,
Mwanamwema binti Makungu


Lamu
21 Julai 1955

Mama,

Shikamoo. Paka alizaa watatu, mmoja wa rangi ya tangawizi. Kazija aliwatazama mpaka wakafumbua macho, kisha akasema, "Sasa twende." Nikamuuliza wapi, akasema kule zinakokwenda boti ndogo. Ndiyo tukaja Lamu, ndani ya boti ya magunia ya unga, na mbuzi wa mtu akaula ushungi wangu upande mmoja.

Mji huu ungeupenda sana, Mama, njia zake nyembamba kama za kwetu. Kazija alitembea kidogo akasimama akauliza nani amezificha baiskeli. Punda wanapita mlangoni asubuhi na jioni, na mjukuu wako yule aliyekuwa akilia akimwona punda wa Darajani sasa anawasukuma kwa bega apite.

Siku ya kwanza hatukuwa na pa kulala. Hili nakwambia wewe, Gharib lisimfikie. Nilikaa kwenye baraza ya watu, nikatoa ukanda wa kofia nikaanza kushona. Haukupita muda akatoka mwanamke, akautazama, akauliza huo ni mkono wa wapi. Nikamwambia wa Unguja. Akasema mkono wa Unguja unavuta uzi sana. Nikamwambia wa Lamu unaulegeza. Tukabishana mpaka magharibi, na tulipochoka kubishana mkeka wetu ulikuwa umeshatandikwa. Jina lake Bi Kurwa. Mpaka leo hajakubali, nami sijakubali, na bado tuko kwake.

Mwambie Gharib sikuhama. Anayehama hubeba kitanda. Mimi nimebeba mkoba na sindano.

Na hilo la kuulizwa, Mama, ndilo lililonitoa Unguja. Hebu nambie wewe uliyemlea: toka azaliwe Kazija ameulizwa nini, na nani? Kula, lala, funika kichwa, nyamaza, wageni hao. Halafu siku moja anasimamishwa mbele ya watu wazima wenye vilemba, anaulizwa swali linalowatoa jasho hata wakubwa. Mtoto ambaye hajaulizwa hata kama anataka uji au mkate atajibu nini? Atamtafuta mwenye macho makali kuliko wote, amjibu anachokitaka. Mimi nilikuwa hivyo. Katika maisha yangu niliulizwa mara moja tu, siku ya kuozeshwa kwa Gharib. Niliona haya nikanyamaza, wakasema kunyamaza ni kukubali, wakapiga vigelegele. Wewe ulikuwepo nyuma ya pazia.

Kazija hatanyamaza. Kila siku namuuliza jambo, na kila siku najilazimisha kulifuata jibu lake, na wallahi si kazi nyepesi. Juzi alichagua tushinde na njaa mpaka jioni kuliko kula tena samaki wa kukaanga. Tulishinda na njaa.

Mwanao,
Mize


Mkunazini
8 Agosti 1955

Mize,

Marahaba. Ndiyo, nilikuwepo nyuma ya pazia. Tena mimi ndiye niliyekufinya ili ujibu, ukanyamaza, nikawaambia waliokuwa nje kuwa umekubali. Na mimi yangu ilikuwa hivyo hivyo, na mama yangu kadhalika. Hatukufa. Usiniandikie tena habari za pazia.

Idd Kubwa imepita bila nyinyi. Nilipika, Gharib akala akarudi kwenye kalenda yake. Jaku ameoa kwa kofia ya kuazima, ikamshukia mpaka masikioni, na mtaa mzima unajua ni kwa sababu gani. Duara lake nimelikunja nimeliweka sandukuni. Kila nikifungua kutafuta dawa ya miguu nakutana nalo.

Usidhani Gharib hana mapenzi na mwanawe. Juzi amemletea Kazija kitanda kidogo cha mvule, kazi ya fundi mzuri, miguu yake imechongwa. Amekibeba mwenyewe ngazi zote, sikumsikia hata kulalamika.

Nakuomba kama mama. Huyo mtoto mrudishe kabla ya Maulidi, na wewe mwenyewe uwe umeshaonekana hapa mtaani ukinunua samaki na kuamkia watu, ili asiwepo wa kusimama akasema umehama. Hii hasira yako nzuri, lakini haitakuwa shahidi wako mbele ya kadhi.

Kazija anakula? Usimshindishe na njaa, hata akichagua.

Mwanamwema


Moroni, Ngazija
2 Septemba 1955

Mama,

Shikamoo. Kaa kwanza ndipo usome nilikokuandikia.

Tulirudi Mombasa kweli, kama ulivyotaka, na nilikuwa na nia ya kuulizia meli ya Unguja. Nyumbani kwa Mwanakheir tukamkuta Bi Mwatum, Mngazija, anarudi kwao kwa harusi kubwa ya kaka yake. Akamwambia Kazija kwao mawe ya pwani ni meusi na mlima unatoa moshi kichwani. Kazija akanitazama. Nikamuuliza. Wewe jibu lake unalijua.

Paspoti nilikuwa nayo, na jina la mtoto limo. Niliikata tangu Rajabu. Naam, Rajabu, kabla ya Ramadhani, kabla hata Mwanakheir hajaposwa. Sikukwambia, kwa kuwa hukuniuliza.

Mawe ni meusi kweli. Kazija amebeba moja, analala nalo. Harusi za huku si za siku moja wala tatu, watu wanapika kama wanaolisha jeshi, nasi tumo katika kula na kusaidia kuchambua mchele. Wanamkandika Kazija msindanu usoni, liwa yao ya huku, anajitazama kwenye kioo na kujicheka. Maneno yao anayaokota haraka kuliko mimi. Watu wananiuliza mume wangu yuko wapi, nasema sina, wananiuliza narudi lini, nasema sijui, na bado wananipa chai.

Tumekaa kidogo zaidi ya nilivyodhani. Kazija alisema tubaki.

Ukanda wa Jaku umefika nusu. Najua ameshaoa. Mimi naushona tu.

Mize


Mkunazini
20 Septemba 1955

Mize,

Amefika mtu Malindi kutoka Ngazija, jamaa ya huyo Bi Mwatum wako. Amesema Kazija alilala na homa mpaka akanyolewa nywele, na kwamba kulikuwa na usiku watu walikaa wakimsomea.

Wewe ukaniandikia mawe meusi.

Uliniambia hujawahi kuniongopea. Nimekaa na barua zako zote mapajani nikitafuta pengine pa kutilia shaka, na sasa kila mstari naushuku.

Gharib hajui. Sikumwambia, na sijui kwa nini sikumwambia. Kesi imewekwa baada ya Maulidi. Usipokuwepo hakuna kuulizwa.

Mwanamwema


Kibokoni, Mombasa
12 Oktoba 1955

Mama,

Shikamoo, hata kama hutaitikia.

Ni kweli. Homa ilimkamata, tukamnyoa, nikakaa kitandani kwake na Bi Mwatum akakaa upande wa pili, na sikukuandikia. Barua ingekufikia mtoto ameshapona, ndiyo kwanza wewe uanze kuumwa. Sikuongopa, nilinyamaza, na kunyamaza nyinyi ndio mlionifundisha. Homa haikungoja tusafiri ndipo ituone. Mwaka wa juzi ilimkamata hapo hapo Mkunazini, chini ya chandarua chako, na hakuna aliyesema Mkunazini ni kupotea.

Niliogopa sana, Mama. Nilimwambia Mungu kuwa mtoto akiinuka tu nitarudi na sitatoka tena. Akainuka, akanywa uji, nikamuuliza, tubaki au twende? Nilikuwa nimeshafunga mkoba, nangoja aseme twende nyumbani. Akasema, "Tubaki mpaka niuone mlima. Siku zote nlikuwa nimelala." Mtoto kichwa kitupu, shingo imekuwa nyembamba, ananambia mimi tubaki. Nikaufungua mkoba. Aliuona mlima, ndiyo tukaondoka.

Sasa tunarudi. Siji kwa sababu Gharib ameweka siku. Naja kwa sababu mtoto huyu atakapoulizwa nataka awepo mwenyewe, na ulimi wake uwepo. Anayeulizwa achague, kwanza aonyeshwe. Ameonyeshwa. Sasa muulizeni, na lolote atakalolisema mimi nitaliridhia, na Gharib naye aridhie.

Sikumfundisha la kusema. Kila siku ulimi unaniwasha, nauuma. Utakapomwona muulize, na akikwambia nimemfundisha hata neno moja, mimi mwenyewe nitamfikisha mlangoni kwa baba yake.

Mize


Jang'ombe, Unguja
4 Desemba 1955

Kwa Bi Mwanamwema binti Makungu, nyumbani kwa Mwanakheir, Kibokoni, Mombasa.

Shikamoo yako nimeiweka mwisho wa barua, nione kama nikifika huko nitakuwa nimepoa.

Ulikuwepo, kwa hiyo sikuhadithii, nakukumbusha. Kadhi alimuuliza mwanangu, utakaa na baba au na mama? Kazija alitutazama mmoja mmoja, hakuwa na haraka, akasema, "Na Bibi." Kadhi akamwambia swali lilikuwa baba au mama. Akasema tena, "Na Bibi." Gharib aliridhia kadhi hajamaliza hata kufuta miwani, kwani bibi yumo ndani ya nyumba yake, na kwake yeye hiyo ni kupata. Mimi nikaridhia kwa sababu niliahidi. Domo langu liliniponza. Nimemzungusha mtoto bahari nzima nikimfundisha kuchagua, akachagua vizuri, kwa sauti, bila kumwogopa mtu, na hakunichagua mimi. Toka siku ile watu wa hapa Jang'ombe, kwa mama yangu mzazi ninakokaa, wananiamkia kama waniamkiavyo kwenye msiba.

Hilo nimelimeza. Lakini jana nimekuja Mkunazini, siku yangu ya kumwona, nikamkuta Shamsi analia, kichanga kinalia, na Gharib amekaa mbele ya kalenda hajui akaweke wapi wino. Jirani ndiye aliyenambia. Mmeondoka na meli ya asubuhi kwenda Mombasa, hamkusema mnarudi lini.

Nani aliyeniandikia kuwa safari isiyo na siku ya kurudi ni kupotea? Wewe hujawahi kuvuka maji. Miguu yako inavimba ukishuka ngazi tu. Umebeba dawa yako? Mnalala wapi baada ya hapo kwa Mwanakheir? Nani anambeba mwanangu kwenye ngazi za meli, wewe? Nimemkubali bibi kwa sababu nilijua nyumba ilipo, nikiamka asubuhi najua mtoto yuko nyuma ya dirisha lipi. Sasa hata hilo sina.

Gharib hawezi kukufuata, likizo yake ameipanga Juni na hajui kuipangua. Mimi naweza. Nijibu: mnarudi lini?

Shikamoo. Sikupoa.

Mize


Forodhani, Unguja
5 Desemba 1955

Kwa Mama, Bi Mwanamwema binti Makungu.

Baada ya salamu na heshima, naomba kujulishwa tarehe mliyopanga kuondoka Mombasa, chombo mtakachopanda, na tarehe ya kufika Unguja.

Shamsi amejifungua salama mtoto wa kiume na hana msaidizi usiku. Kazija anahitajika nyumbani. Ilikuwa maelewano mbele ya kadhi kuwa utamlea, na nilifahamu kuwa ni kumlea hapa.

Nasubiri jibu kabla ya tarehe ishirini.

Mwanao mtiifu,
Gharib bin Abrahman


Lamu
19 Desemba 1955

Gharib mwanangu,

Hongera ya mtoto, Mungu amkuze. Tarehe hatuijui.

Shamsi mtafutie mtu mzima wa kumsaidia, na kile kitanda kidogo mlaze huyo.

Mama yako


Lamu
19 Desemba 1955

Mize mwanangu,

Marahaba. Barua yako imetufuata kutoka Mombasa na leo nina kazi ya kuandika, nimemaliza ya Gharib kwa mistari miwili, sasa yako.

Nilikuandikia kuhusu kitanda cha mvule. Sikukuandikia alikiweka wapi. Hakukiweka chumbani kwangu, alikiweka chumbani kwa Shamsi, ukutani, pembeni ya mahali pa kichanga. Nilipomuuliza akanambia, kwa utulivu wake ule, kuwa msichana wa miaka saba anatosha kubembeleza mtoto usiku, na skuli itangoja mwaka mmoja au miwili. Hiyo ilikuwa Agosti. Nilikuwa na barua yako ya pazia mkononi, nikanyamaza. Nilinyamaza Agosti, Septemba, na Oktoba. Wewe ulinificha homa, mimi nikakuficha kitanda, kwa hiyo tusidaiane.

Kadhi aliponipa mimi mtoto, Gharib alirudi nyumbani akifurahi, akamshika Kazija mkono akampandisha moja kwa moja kwa Shamsi akamwonyesha kitanda. Kazija alikitazama. Akashuka mpaka chini nilipokaa mimi, akaniuliza mimi, mtu mzima, bibi yake: "Bibi, tubaki au twende?" Hakuna aliyewahi kuniuliza, Mize. Baba hakuniuliza, marehemu mume wangu hakuniuliza, Gharib ndiyo kabisa. Nilitaka kunyamaza, kwa mazoea. Akaniuliza mara ya pili. Nikamwambia twende.

Nilipewa nimlee, na kumlea namlea. Mbele ya kadhi hakusema mtu nimlee nikiwa nimeketi wapi.

Hapakuwa na wa kunishikia msahafu mlangoni. Niliushika mwenyewe juu ya kichwa changu, nikainama nikapita chini ya mikono yangu, na Kazija akacheka mpaka nikaogopa ataniamshia nyumba. Melini nilitapika kutoka Unguja mpaka Tanga, kisha sikutapika tena. Miguu imevimba na dawa ninayo. Ngazi za meli nilibebwa mimi, yeye alipanda peke yake, akageuka akamwambia baharia aninyanyue taratibu.

Hapa Lamu yeye ndiye mkubwa wa msafara. Alinishika mkono akanipitisha kwenye njia, akawasukuma punda kwa bega, akanifikisha kwa Bi Kurwa akabisha hodi. Bi Kurwa ameuona uzi wa duara langu, akasema watu wa Unguja wanavuta sana. Nimemjibu. Mpaka sasa tunaendelea. Watu wananiuliza kama niko njiani kwenda Hija. Nawaambia Hija Mungu akijaalia nitakwenda, lakini hii siyo, hii nnakwenda kuona tu. Wengine wanacheka. Wacheke.

Sasa jambo lako, ambalo hukuniuliza lakini nimelisoma katika kila mstari. Mimi nilimuuliza. Tulikuwa tumekaa juu ya mizigo tunangoja boti, nikamwambia, mbona hukumtaja mama yako, naye ndiye aliyekuonyesha dunia? Hata hakufikiri. Akasema, "Mama hata nisipomtaja atanifuata. Wewe bila ya mimi usingetoka."

Nimekuandikia kama alivyosema, sikuongeza wala sikupunguza.

Duara la Jaku limo mkobani mwangu. Yeye ameshaoa, lakini kichwa anacho bado. Jana usiku nilimuuliza Kazija, tubaki au twende? Amesema tubaki, kuna mtu tunamngoja. Sikumuuliza nani.

Mama yako,
Mwanamwema


Jang'ombe
3 Januari 1956

Mama,

Shikamoo.

Ukanda umekwisha. Bi Kurwa mwambie nauleta na asiuguse mpaka mimi na wewe tuuunganishe na duara.

Gharib amekuja hapa kuniuliza nakwenda lini na narudi lini. La kwanza nimemwambia ni kesho. La pili aliningoja nijibu, nami nikamkaribisha chai.

Mama yangu mzazi hana nguvu za kunyanyua mikono. Msahafu nitajishikia mwenyewe, kama wewe.

Mwambie mwanangu nafuata.

Mize